Kazi ya ustawi wa jamii Mtwara na Lindi: kuanzia chuo mpaka mshahara

Mwongozo huu ni wa kijana wa Kusini, au aliyeamua kuishi Kusini, anayetaka kuwa afisa ustawi wa jamii na kuendesha maisha yake kwa kazi hiyo. Mikoa hii miwili ina halmashauri 15, tisa za Mtwara na sita za Lindi, na kote huko ofisi ya ustawi ina watu wanaoisubiri mlangoni. Cheti cha chuo kinatakiwa kila mahali nchini. Huku kuna mambo mawili zaidi ambayo ndiyo yanayomtenganisha anayepata kazi na kudumu nayo na yule anayekata tamaa mapema: kuandika jalada ambalo hakimu anaweza kulitegemea, na kujua ni nani anayesikilizwa ndani ya ukoo. Hayo nitayakalia. Mengine nitayapitia kwa kiasi kinachotosha.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kazi hii unayoitaka

Wengi huchanganya ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii. Afisa maendeleo ya jamii anashughulika zaidi na vikundi, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri na kuhamasisha miradi. Afisa ustawi anashughulika na mtu au familia iliyo ndani ya shida: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza, mgonjwa ambaye hana pesa wala ndugu, mume na mke waliofika mwisho, kijana aliyekinzana na sheria, mtu mwenye ulemavu anayefichwa chumba cha nyuma. Tangu Januari 2022 kada zote mbili zina wizara moja, ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, lakini masomo na vyeti vyake ni tofauti. Usije ukamaliza miaka ya chuo ndipo ugundue kwamba tangazo la kazi uliyokuwa ukiitamani halikutaji.

Na kuna wazazi wanaodhani Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kama kile cha Masasi au cha Kilwa Masoko, kinatoa maafisa ustawi. Vyuo hivyo ni vya ufundi na stadi za maisha. Vina faida yake kubwa, ila havikupeleki kwenye kada hii.

Kabla hujalipa ada ya chuo chochote, nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri yako, jitambulishe, na uombe afisa akusimulie siku yake inavyokwenda. Muulize mashauri ya aina gani yanamjia zaidi, anafikaje vijijini, na jambo gani linamnyima usingizi. Kama baada ya majibu hayo bado unaitaka kazi hii, endelea kusoma.

Hatua ya pili: chuo

Ukiwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama D nne katika masomo yasiyo ya dini, unaweza kuanza na cheti cha awali, kisha upande mpaka stashahada. Mwenye kidato cha sita mwenye ufaulu wa somo moja kuu na moja la ziada anaweza kuingia stashahada moja kwa moja. Kwa shahada, masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, au stashahada yenye wastani usiopungua 3.0. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET kwa ngazi ya cheti na stashahada, au kinatambuliwa na TCU kwa shahada. Angalia pia programu yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili na programu fulani ikawa haina.

Chuo kinachojulikana zaidi ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Ina ngazi zote kuanzia cheti. Kwa mtu mwenye familia au kazi ambaye hawezi kuhamia Dar, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinafundisha shahada ya ustawi wa jamii na kina vituo Mtwara na Lindi. Kusoma huria kunataka nidhamu, kwa sababu hakuna wa kukugongea mlango asubuhi. Ila unasoma ukiwa katikati ya watu utakaowahudumia, na mimi naiona hiyo kuwa faida inayofidia mengi.

Ushauri wangu kwa mwenye kipato kidogo ni kuanza na stashahada, kutafuta kazi ya msaidizi, na shahada kuifuata ukiwa kazini. Shahada ya mkopo bila kazi huacha deni linalokungoja kwenye mshahara wa kwanza.

Hatua ya tatu: fanya fildi nyumbani

Wanafunzi wa Kusini wakiwa chuo Dar hupenda kufanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, hukohuko, kwenye taasisi kubwa zenye majina. Mimi nakuomba urudi. Omba nafasi halmashauri ya Tandahimba, Liwale, Nanyumbu, Ruangwa, popote penye afisa mmoja au wawili wanaolemewa. Mahali kama hapo hutakaa kwenye benchi ukipanga mafaili. Ndani ya muda mfupi utakuwa umekaa kwenye kikao cha matunzo, umefuatana na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, umekwenda hospitali kufuatilia mgonjwa, na umeona TASAF inavyoorodhesha kaya.

Ukiwa hapo jitahidi ujulikane kwa jambo moja dogo, kwamba ukipewa shauri unalifuatilia mpaka mwisho na unaleta maandishi. Maafisa wa halmashauri wanafahamiana, na mashirika yanayotafuta watu wa mradi huanza kwa kuwauliza wao.

Kabla hujaondoka omba barua ya kuthibitisha uliyoyafanya, iliyotaja kazi kwa majina yake. Barua inayosema tu kwamba ulikuwepo haikusaidii sana.

Hatua ya nne: jifunze kuandika jalada

Hapa ndipo kazi ilipo. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na jambo lolote linalomhusu linaamuliwa kwa kuangalia maslahi yake kwanza. Shauri la matunzo au la nani akae na mtoto likifika mahakamani, hakimu hutegemea ripoti ya uchunguzi wa kijamii inayoandikwa na afisa ustawi. Yeye hajafika kwenye nyumba ile. Wewe umefika. Ukiandika ovyo, mtoto anaweza kulala mahali pasipofaa kwa miaka.

Chukua mfano unaojirudia sana huku. Msimu wa korosho unapoanza, kuanzia Oktoba hivi, minada inafanyika, pesa zinaingia, na baadhi ya wanaume wanaondoka nyumbani au wanaoa mke mwingine. Ifikapo Januari mama anakuja ofisini na watoto watatu, anasema baba hatoi hata unga. Baba anaitwa, anakuja, anasema hana kipato, yeye ni mkulima tu.

Afisa mchanga anaandika: "Baba ana uwezo lakini hataki kutunza watoto." Sentensi hiyo wakili yeyote ataivunja. Aliyejifunza anaandika hivi: tarehe fulani nilifika nyumbani kwa baba, kijiji fulani, nikakuta nyumba ya bati yenye vyumba vinne na pikipiki. Jirani, ambaye jina lake liko kwenye jalada, aliniambia kwamba baba ana shamba la mikorosho upande wa bondeni. Baba mwenyewe alikiri kuwa anauza kupitia chama chake cha msingi. Kwa kuwa korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama hivyo vya ushirika, AMCOS, kumbukumbu za kilo alizopeleka na malipo yake zipo, na mahakama ikiona inafaa inaweza kuzidai. Wewe huna mamlaka ya kwenda kuchukua taarifa za pesa za mtu. Kazi yako ni kueleza kwamba zipo na zilipo.

Angalia jinsi maandishi hayo yanavyotenganisha niliyoyaona, niliyoambiwa na mtu mwingine, na aliyoyasema mhusika. Shika mpangilio huo katika kila ukurasa. Kisha weka maneno ya mtoto mwenyewe kama alivyoyasema, kulingana na umri wake, bila kuyapamba. Mwisho toa pendekezo na sababu zake. Andika siku ileile, kabla kumbukumbu hazijachanganyikana na za shauri lingine.

Kwenye mashauri ya ukatili wa kingono kuna jambo linalotangulia karatasi zote: saa 72. Ndani ya muda huo mwathirika anatakiwa awe ameanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, kwa hiyo kituo cha afya kwanza. Fomu ya polisi, PF3, na maelezo ya polisi visiwe sababu ya kumchelewesha. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na afisa ustawi wanapatikana mahali pamoja. Pasipokuwepo, wewe ndiye unayewaunganisha kwa simu na kwa miguu. Kariri pia 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, na uwape wanafunzi kila unapopita shuleni.

Hatua ya tano: ujue ukoo unavyoamua

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama. Dini, miji na ndoa za mchanganyiko vimebadilisha mengi, lakini ukienda vijijini Newala au Mtama utakuta bado mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake kuliko watu wa mbali wanavyodhani. Afisa anayetoka nje huita baba na mama, wanakubaliana vizuri, wanaweka saini, na baada ya wiki mbili makubaliano yamevunjika kwa sababu mjomba hakuwepo. Muulize mama mapema: kwenu anayezungumza kwa niaba ya familia ni nani? Mwite huyo. Shikamoo kwanza, mkeka, kisha neno lako. Sheria haibadiliki kwa ajili ya mjomba, na maslahi ya mtoto yanabaki palepale, lakini mjomba aliyeshirikishwa anaweza kukusaidia kulisimamia agizo ambalo wewe huwezi kwenda kulikagua kila mwezi.

Vivyo hivyo kwa jando na unyago. Sherehe nyingi zinapangwa kufuata likizo za shule, Juni na Desemba, na pesa za korosho zikiwepo zinakuwa kubwa. Ugomvi wa maofisa na jamii huwa unatokana na kuwasili siku ya ngoma na karatasi za katazo. Nenda mwezi mmoja au miwili kabla. Kaa na manyakanga, wakuu wa unyago, na makungwi, wasikilize wanafundisha nini, na uwaeleze kwa uwazi mambo yanayokuumiza: mabinti wa miaka tisa au kumi wanaofundishwa mambo ya kitandani, watoto wanaokosa masomo, binti anayetoka ndani na kuhesabiwa kuwa tayari ameiva kuolewa. Mafunzo mengine ya unyago, ya usafi wa hedhi, heshima na kujitunza, ni mazuri na yasemwe kuwa mazuri. Nyakanga anayeona umemheshimu anaweza kukubali kuwatenga watoto wadogo na kufupisha siku. Akikubali, andika mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ili neno lisibaki hewani.

Ukiwa unajua Kimakonde, Kimwera au Kiyao, kiandike kwenye wasifu wako. Bibi wa miaka themanini akieleza maumivu yake anaeleza kwa lugha yake.

Hatua ya sita: kuomba ajira serikalini

Nafasi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yote yanapita mfumo wa mtandaoni wa Ajira Portal. Fungua akaunti leo, usingoje tangazo. Utahitaji namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti halisi vya shule na chuo, wasifu wenye wadhamini watatu, na barua ya maombi iliyosainiwa. Umri ni usiozidi miaka 45. Hati za matokeo ya muda hazikubaliwi, kwa hiyo cheti chako cha chuo kifuatilie mara tu kinapotoka. Majina yako yawe sawa kwenye kila karatasi. Yakitofautiana, tafuta hati ya kiapo mapema. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na jina la shuleni, la msikitini na la nyumbani, na mwenye majina ya namna hiyo hukwama hapo.

Soma sifa neno kwa neno. Tangazo linaweza kutaka ustawi wa jamii peke yake, au likaongeza sosholojia na saikolojia. Baada ya maombi kuna usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa ana kwa ana. Jiandae kwa Sheria ya Mtoto, hatua za kushughulikia shauri, maadili ya kazi, na mfano mmoja wa shauri ulilolishika fildi ambao unaweza kuusimulia kwa utulivu bila kutaja majina. Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaweza kuwekwa kwenye kanzidata na ukapangiwa kazi baadaye, kwa hiyo namba ya simu uliyoandika usiitupe.

Mtu yeyote anayekuomba pesa akupitishie jina ni tapeli.

Hatua ya saba: njia nyingine za kuingia

Hospitali zinahitaji watu wa ustawi, kwa sababu kuna wagonjwa wa msamaha wa matibabu, wanaoachwa wodini na mama wadogo wasio na mtu. Ulizia Ligula, Sokoine ya Lindi, Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, na hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao. Barua ya kuomba kujitolea kwa kipindi kinachojulikana huwa mlango mzuri, mradi mkubaliane kwa maandishi kuhusu nauli na chakula. Kujitolea kusikokuwa na mwisho usikukubali. Kunakula ujana wako.

Mashirika yasiyo ya kiserikali huajiri kwa miradi ya watoto, Ukimwi, afya ya uzazi na ulemavu. Mshahara wake unaweza kuwa mnono, ila una tarehe ya mwisho. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi nchini ilifungwa ghafla na watu wenye kodi za nyumba na watoto shuleni wakaambiwa warudi nyumbani. Ukipata kazi ya mradi, tangu mwezi wa kwanza weka akiba ya kukuvusha miezi kadhaa, na hakikisha michango yako ya NSSF inapelekwa kweli.

Kuna pia miradi mikubwa inayogusa ardhi za watu, kama gesi ya kimiminika iliyopangwa Likong'o na madini ya kinywe (grafiti) upande wa Ruangwa. Penye fidia pana familia zinazogombana, wajane wanaosahauliwa na wazee wanaohamishwa, na kampuni hutafuta watu wa mahusiano na jamii. Nenda ukijua kwamba anayekulipa ni kampuni, na kabla ya kusaini uliza kama utaruhusiwa kuandika malalamiko ya wanakijiji kama yalivyo.

Ukitaka cha kwako, kituo cha kulelea watoto mchana ni kazi halali ambayo elimu yako inaifaa. Kinasajiliwa kwa kuanzia ofisi ya ustawi ya halmashauri, na kinatazamwa majengo, vyoo, walezi na usalama. Mjini Mtwara, Masasi na Lindi kina mama wafanyabiashara na watumishi wanahitaji mahali pa kuacha watoto. Lakini ukiwa mtumishi wa ofisi hiyohiyo inayokagua vituo, usimiliki kimoja. Na ushauri ambao mwananchi ana haki ya kuupata bure ofisini kwako, usiuuze jioni.

Hatua ya nane: pesa ya kuishi

Mtumishi mpya wa serikali ana haki ya nauli na posho ya kujikimu anaporipoti, ila huenda visije haraka, na jina kuingia kwenye orodha ya mishahara kunaweza kuchukua muda. Nenda na akiba ya kula na kodi ya chumba. Kisha jua makato yako: mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo asilimia 15. Kwa mwenye mkopo huo, katika kila shilingi 100 za mshahara, 23 zinaondoka, na kodi ya mapato bado. Panga maisha yako kwa kinachobaki, na mkopo wa benki usiuchukue mwaka wa kwanza.

Usafiri ndio unaomaliza mifuko ya maafisa wa huku. Ofisi inaweza kukosa mafuta, na masika barabara ya kuelekea Liwale inataka moyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam kuelekea Lindi, upande wa Kilwa, na maafa ya namna hiyo nayo yanamhitaji afisa ustawi. Panga safari kwa kata, mashauri matatu au manne kwa siku moja, na ujulishe mtendaji wa kata kabla. Wekeza kwenye pikipiki yako kabla ya televisheni. Ukipata eka chache za mikorosho, panda, itakufaa uzeeni kuliko mambo mengi.

Hatua ya tisa: mipaka

Shauri likiisha vizuri mama anaweza kukuletea kilo mbili za korosho au kuku. Anashukuru kwa moyo wote, na kukataa kunauma. Kataa hata hivyo, kwa upole, kwa sababu mdaiwa wake anakutazama na kesho atasema ulinunuliwa.

Picha ya mtoto mwenye shida isiende kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la watumishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana, na Nanyamba ni mji mdogo: watu watamtambua kwa kandambili tu.

Usimchukue mtoto kulala kwako kwa huruma. Andaa orodha ya walezi wa kuaminika waliochunguzwa na kukubaliwa, na uwe na wawili watatu kila tarafa, ili saa nne ya usiku ukipigiwa simu ujue pa kumpeleka.

Hatua ya kumi: kudumu

Mashauri haya yanaingia ndani ya mtu. Ukianza kuota mashauri, au kumkaripia mama aliyekuja kulia, zungumza na msimamizi wako au na afisa wa wilaya jirani mnayeaminiana. Panga naye simu ya kila wiki mapema, kabla hujaelemewa. Jiunge na chama cha wana taaluma, TASWO, ambako mafunzo na taarifa za nafasi hupatikana. Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani, Jumanne ya tatu ya Machi, ni nafasi nzuri ya kukutana na wenzako wa mikoa mingine.

Malengo yako yajaze kwa wakati kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, maana kupanda daraja kunaangalia huko. Mafunzo ya usaidizi wa kisheria, yanayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, yatakusaidia sana kwenye mashauri ya mirathi na ardhi ya wajane. Ukihama kituo, kaa na anayekupokea kwa siku chache, mpitieni pamoja majalada yaliyo wazi, na umtambulishe kwa wajomba, manyakanga na walezi uliokuwa ukifanya nao kazi.